Donda Ndugu na Saratani Inayoanzia Kwenye Kovu

Saratani ya ngozi ikitajwa, wengi hufikiria jua, na kwa ndugu zetu wenye ualbino hilo ni kweli kabisa, kwani ngozi yao haina melanini, yaani rangi ya ngozi, ya kutosha kuikinga tangu utotoni. Kwa Waafrika wenye ngozi nyeusi, hata hivyo, saratani ya seli bapa, ambayo ni aina mojawapo ya saratani ya ngozi, mara nyingi huota mahali ambapo jua halina lawama: kwenye muundi, juu ya kovu la moto, ndani ya donda ndugu, au pembeni mwa tundu ambalo mfupa wenye maambukizi umekuwa ukitolea usaha kwa miaka.

Namkumbuka mama mmoja aliyeangukia mafiga akiwa mtoto. Kovu lake la nyuma ya goti lilikuwa likichanika na kufunga, likifunga na kuchanika tena. “Mwanangu daktari, hiki ni kidonda changu cha siku zote,” aliniambia. Nilipoondoa bandeji, kingo zilikuwa zimetutumka na kupinduka kwa nje, ngumu, na zilitoa damu kwa kuguswa na shashi tu.

Saratani hii inayoota kwenye kovu huitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari mpasuaji Mfaransa aliyeandika kuhusu vidonda vya makovu mwaka 1828. Seli zinazolazimika kujigawa mfululizo ili kuziba jeraha lisilopona, huku uvimbe wa ndani ukiziudhi bila kukoma, hukusanya makosa katika vinasaba vyake, na mara nyingi hupita miongo kadhaa kabla saratani haijajitokeza. Ikishajitokeza, huwa na tabia ya kusambaa kuliko ile ya jua.

Joto lenyewe pia hudhuru. Huko Kashmir, watu wanaokumbatia chungu cha makaa kiitwacho kangri chini ya joho wakati wa baridi hupata saratani hiyo tumboni na mapajani. Zipo sababu nyingine: maji ya kisima yenye sumu ya aseniki, dawa za kushusha kinga wanazotumia waliopandikizwa figo, na masizi, ambayo daktari mpasuaji Percivall Pott aliyahusisha na saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani ya wasafisha dohani wa Uingereza mwaka 1775.

Kwa hiyo kidonda kilichobadilika harufu, kilichoota nyama au kisichopona kwa miezi mitatu ninakikata kipande kidogo cha nyama cha kupima, tena kwenye kingo na sehemu zaidi ya moja, kwa sababu katikati mara nyingi hutoa tishu iliyokufa tu. Napapasa pia mitoki, kuona kama saratani imesambaa.

Mitoki ya mama yule haikuwa imevimba. Tulikata kwa mpaka mpana, tukabandika ngozi ya pajani, na mguu ukabaki. Siku ya kuruhusiwa, binti yake alinionyesha daftari la zahanati: miaka tisa ya tarehe za kusafisha kidonda, bila ukurasa hata mmoja uliotaja kipimo cha nyama.