Mwanao Mtu Mzima Anatumia Homoni za Jinsi Nyingine: Hofu Yako Uielekeze Wapi

Mama mmoja aliketi mbele yangu, akatoa leso kwenye mkoba, akafungua fundo polepole. Ndani mlikuwa na kichupa kitupu cha dawa na bomba la sindano lililokwisha kutumika. Vyote alivikuta chini ya godoro la mwanawe mwenye umri wa miaka 21. Swali lake la kwanza halikuwa la dawa. "Daktari, nilikosea wapi kumlea?"

Nilisoma lebo. Ilikuwa testosteroni, na mwanawe alizaliwa msichana. Nilimweleza kwamba malezi hayajathibitika kuwa chanzo cha mtu kujitambua tofauti na jinsi aliyozaliwa nayo. Kisha nikamuuliza ya kwangu. Nani alimwandikia dawa hii? Anajidunga kiasi gani, kila baada ya siku ngapi? Amewahi kupima damu tangu aanze? Anavuta sigara? Mama alitikisa kichwa kwa kila swali. Wiki tatu nzima walikuwa wamegombana nyumbani juu ya kichupa kile, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kilikotoka.

Makala hii naiandika kwa ajili yake na kwa wazazi wengine wanaotujia na hofu ya namna hiyo. Sitakwambia usiogope. Mwanao anatumia dawa yenye nguvu, na mzazi asiyeshtuka ningemshangaa. Ninachoomba ni hofu hiyo ielekezwe palipo na hatari yenyewe, kwa sababu mara nyingi tunatazama upande huu huku madhara yakiingilia ule.

Dawa zenyewe

Kila mwili wa binadamu hutengeneza homoni hizi zote mbili, testosteroni inayoitwa ya kiume na estrojeni inayoitwa ya kike. Ovari hutoa testosteroni kidogo, na mwanamume naye ana estrojeni yake, tena mifupa yake inaihitaji. Kinachotofautiana ni kiwango. Testosteroni ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na anayotumia mwanao ni ileile anayopewa mwanamume ambaye korodani zake zimeshindwa kazi. Estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, nayo ndiyo wanayopewa wanawake waliokoma hedhi wanaposumbuliwa na mafukuto ya joto. Aliyezaliwa mvulana anayetumia estrojeni huongezewa mara nyingi dawa ya pili, ya kuizima testosteroni ya mwili wake, kama vile spironolaktoni au siproteroni.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likaanza kutumika Januari 2022. Humo hali ya mtu kujitambua tofauti na jinsi aliyozaliwa nayo, inayoitwa kutowiana kwa jinsia, iliondolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa kwenye sura ya afya ya ujinsia. Madaktari wengi wanaotoa homoni hizi hufuata mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa mwaka 2017 au ule wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, wa 2022. Yote miwili inataka kwamba kabla ya dozi ya kwanza mhusika awe anaelewa anachokiomba na kisichoweza kurudishwa, na matatizo yake mengine ya mwili na ya akili yawe yametazamwa. Akishafikia utu uzima kisheria, saini ni yake, si ya mzazi. Sheria za nchi hazifanani katika jambo hili, na zipo ambako huduma yenyewe haipatikani kabisa.

Huenda umesikia malumbano juu ya ripoti ya Daktari Hilary Cass kuhusu huduma hizi nchini Uingereza, iliyotoka Aprili 2024. Ripoti ile ililenga hasa watoto na vijana walio chini ya miaka 18, na iliona kwamba ushahidi kwa umri huo ni dhaifu. Usiibebe yote ukamwekea mtu wa miaka 23. Lakini imo hoja moja ninayoiunga mkono kwa moyo wote: ilipendekeza wenye miaka 17 hadi 25 wawe na huduma ya kuwasindikiza, wasitupwe ghafla kwenye kliniki za watu wazima. Kijana wa miaka 19 ni mtu mzima mbele ya sheria. Bado anahitaji wa kumsindikiza.

Kinachorudi na kisichorudi

Hapa ndipo wazazi wengi hawana habari kamili, na vijana pia. Kwa anayetumia testosteroni, miezi ya kwanza huja na ngozi ya mafuta na chunusi, na kwa wengi hedhi hukoma ndani ya nusu mwaka. Nyuzi za sauti hunenepa na sauti hushuka ndani ya mwaka wa kwanza hivi. Ndevu hukawia, kukamilika kwake huchukua hata miaka minne au mitano. Akiacha dawa, ikiwa ovari bado zipo, hedhi kwa kawaida hurudi na mafuta ya mwili hujipanga upya kama zamani. Sauti hairudi. Ndevu zilizokwisha kuota hazijiondoi, na mwenye asili ya kipara hubaki na upara wake.

Kwa estrojeni, matiti huanza kukua kati ya mwezi wa tatu na wa sita, yakaendelea kwa miaka miwili au mitatu, na akiacha hayaondoki yenyewe. Ngozi hulainika, misuli hupungua, hamu ya tendo la ndoa hushuka mapema. Sauti iliyokwisha kuvunjika haibadiliki hata kidogo, wala ndevu hazikomi. Nimeona vijana wakilia mwaka wa pili kwa sababu walitarajia sauti nyembamba, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Kukosa subira huko ndiko huzaa kosa ninalokutana nalo mara kwa mara: kuongeza dozi kimyakimya. Haisaidii. Testosteroni ikizidi, sehemu yake mwili huigeuza kuwa estrojeni, ile ile anayoikimbia. Ukimsikia mwanao akisema mabadiliko yanachelewa, mfikishie jambo hili hata kama humuungi mkono katika mengine yote.

Kuhusu uzazi, mazungumzo yafanyike kabla, maana baadaye huwa magumu. Estrojeni pamoja na dawa ya kuzima testosteroni hupunguza mbegu za kiume, na zinaweza zisirudi kama zilivyokuwa. Kuzigandisha mapema ili zihifadhiwe ni jambo jepesi. Kugandisha mayai ni kazi kubwa zaidi: sindano za kila siku kwa karibu wiki mbili, kisha mayai yatolewe kwa sindano ndefu. Na hili wengi hawalijui: testosteroni si njia ya uzazi wa mpango. Mwenye ovari na kizazi anaweza kushika mimba hata kama hedhi imekoma, na dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Mtu wa miaka 20 akisema hataki watoto kamwe, msikilize, lakini hakikisha swali hili liliulizwa na daktari, kwa uzito, na si kwa kuwekewa alama kwenye fomu.

Hatari ilipo hasa

Kama ningepewa dakika moja tu na mzazi, ningeitumia kwa damu.

Estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa, hasa ya miguu, na bonge likisafiri hadi mapafuni linaua. Lakini estrojeni si zote sawa. Ethinilestradioli, iliyomo ndani ya vidonge vingi vya uzazi wa mpango, imeachwa kabisa kwa kazi hii kwa sababu ya mgando huo. Bado vijana wasio na daktari huinunua kwa kuwa ni rahisi kupatikana, wakameza vidonge vitatu au vinne kwa siku badala ya kimoja. Estradioli ya kubandika kwenye ngozi au ya jeli haipiti kwanza kwenye ini, na hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo kuliko ya kumeza. Sigara huongeza hatari. Kama mwanao anatumia estrojeni na anavuta, msaidie kuacha sigara kwanza. Ugomvi wa estrojeni unaweza kusubiri.

Testosteroni hukoroga damu kwa njia nyingine: huongeza chembe nyekundu mpaka damu inakuwa nzito. Kipimo chake huitwa hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Ikivuka 54%, madaktari wengi hupunguza dozi au huisimamisha. Mwenye damu nzito hivyo anaweza asihisi chochote, au akahisi kichwa kuuma na uso kuwaka tu, na ndiyo maana kipimo hakina mbadala. Miongozo inataka damu ipimwe kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, baadaye mara moja au mbili kwa mwaka. Spironolaktoni inaweza kupandisha potasiamu, kwa hiyo figo nazo hutazamwa. Siproteroni ikitumiwa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu imehusishwa na uvimbe kwenye utando wa ubongo, na mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilibana matumizi yake.

Saratani ya matiti huwatisha wengi. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watu 2,260 waliozaliwa wanaume na kutumia estrojeni. 15 waligundulika na saratani hiyo. Ni zaidi ya inavyotarajiwa kwa wanaume, na pungufu ya inavyotarajiwa kwa wanawake.

Kisha kuna sindano yenyewe. Anayejidunga kwa kuazima bomba la rafiki anabeba hatari ya virusi vya ukimwi na homa ya ini ambayo haina uhusiano wowote na homoni. Na mtu akimwahidi mwanao silikoni ya kudungwa kwenye makalio au matiti, pambana na hilo kwa nguvu zako zote. Silikoni ya maji huhama mwilini, huharibu nyama, na imekwisha kuua watu.

Je, inamsaidia?

Hili ndilo swali la haki kabisa la mzazi, nami nitalijibu nilivyo na ushahidi. Mwaka 2023 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio la watu wazima 64 waliotaka testosteroni: wengine walianza mara moja, wengine wakasubiri miezi mitatu. Walioanza mara moja walipungukiwa na dhiki ya jinsia (yaani mateso ya kuishi na mwili usiolingana na anavyojitambua mtu), sonona na mawazo ya kujiua kuliko waliosubiri. Miezi mitatu ni muda mfupi, na watu 64 ni wachache, lakini matokeo hayo yanakubaliana na tunayoyaona kliniki kwa watu wazima wengi. Si kwa wote. Mwenye sonona ya sababu nyingine hatatibiwa na homoni. Wapo pia wanaoacha, wengine kwa sababu wamegundua haikuwa njia yao, wengine kwa madhara, wengine kwa shinikizo la nyumbani na kazini. Anayetaka kuacha anahitaji mlango ulio wazi uleule, bila kusikia "si nilikwambia."

Ukiona hasira au majonzi yanayokuja na kuondoka, tazama kalenda ya sindano. Anayedungwa kwa vipindi virefu huwa na siku za mwisho mbaya, homoni inapokuwa imeshuka, na mara nyingi dozi ndogo za karibu karibu hutuliza hali hiyo.

Daktari wa mwanao hatakueleza lolote bila idhini yake, na hapaswi. Lakini wewe unaweza kumpa daktari habari: kwamba shangazi yake aliwahi kupata bonge la damu mguuni, kwamba mwenyewe alipata degedege utotoni, kwamba anameza dawa nyingine. Historia ya ukoo unayo wewe, kijana hana. Hiyo ndiyo tiketi yako ya kuingia kwenye mazungumzo, nayo ni ya kweli. Wazazi huniuliza pia wamwiteje sasa. Kiswahili kimetuwekea akiba hapo: "yeye" ni wa wote, na "mwanangu" halina jinsi. Anza na hilo wakati mengine yanatafutiwa njia.

Zijue dalili zisizosubiri asubuhi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kuchoma, pumzi kukatika ghafla, kuumwa kichwa kikali kisicho cha kawaida, macho kuona vibaya, mdomo kwenda upande au mkono kulegea. Mpeleke hospitali, na mtaje homoni anayotumia mkiwa mapokezi. Vijana wengine huficha dawa hizo mpaka chumba cha dharura kwa kuogopa wazazi wasisikie, na daktari akatafuta ugonjwa kwingine.

Yule mama aliondoka na leso yake. Hakuacha kulia, lakini aliondoka na maswali manne yameandikwa kwenye karatasi. Wiki mbili baadaye mwanawe alikuja mwenyewe. Dawa aliipata kwa rafiki, na alikuwa akijidunga maradufu ya dozi aliyopaswa, kwa haraka ya ndevu. Hematokriti yake ilikuwa 56%. Tulimsimamishia dawa mpaka damu ishuke, tukapanga dozi mpya na tarehe za vipimo, tukazungumza juu ya mayai yake, jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata siku moja. Alipokuwa akivaa koti aliniuliza kama ningependa kumwona mama yake. Alikuwa nje, kwenye benchi.