Antihistamini za watoto: inayolaza na isiyolaza

Ukiingia duka la dawa, iwe Kariakoo au Kisumu, ukasema mtoto anapiga chafya na macho yanamwasha, kuna uwezekano mkubwa ukatoka na chupa ya Piriton. Dawa hii imekaa majumbani mwetu miaka mingi, hata wengi hulitumia jina lake kumaanisha dawa yoyote ya aleji. Bei yake nafuu, mtoto akinywa anatulia, na mzazi naye analala. Lakini kutulia kule mara nyingi ni usingizi tu, si kupona.

Piriton ni jina la biashara la klorofeniramini, mojawapo ya dawa ziitwazo antihistamini. Mtoto mwenye aleji akivuta chavua ya nyasi, yaani unga mwepesi wa maua yake, seli za kinga kwenye utando wa pua huidhania kuwa adui na kumwaga kemikali iitwayo histamini. Histamini ikifika kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, mishipa midogo ya damu hutanuka, kamasi jepesi kama maji hutiririka, pua huwasha na chafya hufuatana mfululizo. Antihistamini haiondoi chavua wala haizuii histamini isimwagwe. Kazi yake ni kuwahi vile vipokezi, kama abiria aliyekwishakaa kwenye kiti cha daladala kabla mwenzake hajapanda. Ndiyo maana inasaidia zaidi ikinywewa kabla mtoto hajaenda kucheza uwanjani kuliko akisharudi na macho mekundu.

Tatizo ni kwamba vipokezi vya histamini havipo puani peke yake. Vipo pia kwenye ubongo, na huko histamini ndiyo inayotusaidia kuwa macho. Antihistamini za kizazi cha kwanza, yaani klorofeniramini, promethazini na difenihidramini, ambazo zote ni dawa za miaka ya 1940, hupenya hadi ubongoni. Usingizi unatoka hapo. Watoto wengine huwageuka: mtoto anarukaruka, analia bila sababu na usiku halali. Kizazi cha pili ni loratadini, setirizini na feksofenadini. Hizi haziingii ubongoni kirahisi, na kwa loratadini au setirizini dozi moja hushika karibu saa 24, wakati klorofeniramini hurudiwa kila baada ya saa 4 hadi 6. Shirika la Afya Duniani limeiweka loratadini kwenye orodha yake ya dawa muhimu kama mwakilishi wa kundi hili.

Tunaposema hazilazi, tusizidishe. Setirizini huwatia usingizi baadhi ya watoto, ndiyo maana siku za kwanza ni vyema kuitoa jioni ukamwangalia anavyoamka. Loratadini na feksofenadini hufanya hivyo kwa nadra zaidi.

Anayedhani usingizi kidogo hauna madhara aangalie shuleni. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 1,800 wa miaka 15 hadi 17, ambao mitihani yao mikuu huangukia msimu wa chavua ya nyasi. Waliokuwa na dalili za aleji siku za mtihani walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 40 wa kushuka daraja wakilinganishwa na mtihani wao wa majaribio. Kwa waliokuwa wakitumia antihistamini zinazolaza, uwezekano huo ulizidi kwa asilimia 70. Kumwacha mtoto na aleji yake kuna hasara, na kumtibu kwa dawa inayomsinziza kuna hasara pia.

Kabla ya kuchagua dawa, hakikisha ni aleji kweli. Mafua ya kawaida huja na homa kidogo au mwili kuuma, kamasi huwa zito, na kwa kawaida yameisha ndani ya siku kumi. Aleji haina homa. Inawasha: pua, macho, hata kaakaa, mtoto anajikuna kwa ulimi huku akitoa mlio wa ajabu. Tazama pia anavyojifuta pua. Mtoto mwenye aleji ya muda mrefu husukuma ncha ya pua kwenda juu kwa kiganja, mara nyingi kiasi kwamba kijistari huchoreka juu ya pua. Kamasi likitoka upande mmoja tu na linanuka, hiyo si aleji. Huenda kuna shanga au punje ya mahindi imeingizwa humo, na anayetakiwa ni daktari.

Msimu nao una mambo yake. Nairobi watu huilaumu mijakaranda inapochanua kuanzia Septemba, lakini mti ule huchavushwa na wadudu. Mimea isumbuayo zaidi ni ile inayotegemea upepo, hasa nyasi, ambazo hazina ua la kupendeza la kumfanya mtu azishuku. Ukanda wa pwani, kwenye joto na unyevu, wadudu wadogo wa vumbi na ukungu wanaweza kumsumbua mtoto mwaka mzima, kwa hiyo aleji inayoitwa ya msimu huenda inatoka kwenye godoro. Familia zilizohamia Marekani hukutana na kitu kingine: gugu liitwalo ambrosia, ambalo humwaga chavua kuanzia Agosti hadi baridi kali iliue. Mwaka wa kwanza mtoto hana shida, kisha wa pili au wa tatu anaanza kuchafya, na wazazi wanashangaa. Ni kawaida, kwa sababu mwili huhitaji kukutana na chavua mpya kwa muda kabla ya kujenga mzio dhidi yake.

Sasa dawa. Jiulize kinachomsumbua mtoto zaidi ni nini. Kama ni chafya, kuwashwa na kamasi jepesi, antihistamini isiyolaza inatosha. Kama ni pua kuziba, anakoroma na kulala mdomo wazi, antihistamini ya kunywa haitafika mbali. Hapo dawa yenye nguvu zaidi ni ya kupuliza puani yenye steroidi, aina ya dawa inayopunguza uvimbe. Mometasoni hutumika kuanzia miaka 2, na flutikasoni propionati kuanzia miaka 4. Neno steroidi huwatisha wazazi, na sijui ni mara ngapi chupa hizi huishia kabatini kwa hofu hiyo. Kinachopulizwa puani ni kiasi kidogo sana, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo zaidi. Hata hivyo kwa baadhi ya watoto kasi ya kukua inaweza kupungua kidogo, kwa hiyo anayeitumia miezi mingi apimwe urefu kliniki. Kuna kosa la kawaida zaidi: mzazi anapuliza siku mbili, haoni kitu, anaacha. Nguvu yake kamili huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili. Elekeza ncha ya chupa upande wa sikio, si katikati ya pua, la sivyo pua itatoka damu.

Matone ya kuzibua pua, kama zailometazolini, ni jambo jingine. Yanazibua ndani ya dakika chache, lakini yakitumika zaidi ya siku chache pua huziba upya kwa ukaidi kuliko mwanzo. Si dawa ya msimu mzima.

Kwa kipimo, usikadirie kwa kijiko cha chai. Chupa nyingi za setirizini na loratadini zina miligramu 5 katika mililita 5, na bomba la sindano lisilo na sindano hupima vizuri kuliko kijiko chochote cha jikoni. Setirizini kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5 ni miligramu 2.5 hadi 5 kwa siku. Kuanzia miaka 6 ni 5 hadi 10. Mwenye tatizo la figo hupunguziwa. Loratadini kuanzia miaka 2 ni miligramu 5 mara moja kwa siku kwa mwenye uzito usiozidi kilo 30, na 10 kwa aliyezidi. Feksofenadini inywewe na maji, si na juisi ya matunda, maana juisi huipunguzia nguvu. Mtoto wa chini ya miaka 2 aamuliwe na daktari.

Soma lebo, hata kama maandishi ni madogo. Hebu tuseme mama ameingia dukani na chupa ya klorofeniramini mkononi.

“Dokta, nipe na ile ya mafua ya mtoto, ya maji.”

“Mama, hebu tuone hiyo uliyonayo kwanza.”

Mfamasia anayejali atazipanga chupa mbili kwenye kaunta na kuonyesha kwa kidole: dawa ya mafua ya mchanganyiko ina parasetamoli, ina dawa ya kuzibua pua, na ndani yake imo klorofeniramini ileile. Mtoto angekunywa dozi mbili bila mtu kujua. Ipo pia dawa ya maji inayochanganya betamethasoni na deksiklorofeniramini. Inafanya maajabu haraka, na sababu ni kwamba betamethasoni ni steroidi ya kumeza inayozunguka mwili mzima. Hiyo si dawa ya kurudiarudia kila msimu, na mimi naona haifai kuuzwa bila cheti.

Promethazini ndiyo ningeiweka mbali kabisa na mtoto mdogo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipa onyo zito: isitumike chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji hadi kuua. Mwaka 2022, dawa ya maji yenye jina hilo ilikuwa miongoni mwa dawa nne zilizochafuliwa ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitolea tahadhari baada ya vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia. Kosa pale lilikuwa la kiwanda, si la promethazini yenyewe, lakini ni sababu tosha ya kununua kwenye duka lenye leseni, dawa iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya.

Mtoto akianza kutoa mluzi kifuani, kukohoa usiku au kuishiwa pumzi akikimbia, hilo ni suala la pumu na si la kuongeza antihistamini. Akivimba midomo na kupumua kwa shida baada ya chakula au kung’atwa na nyuki, kimbilia hospitali. Hapo kinachookoa ni adrenalini, na antihistamini haifungui njia ya hewa.

Kwa msimu unaojulikana, dawa ya puani huanzishwa hata wiki mbili kabla. Mvua zikipita na dalili zikaisha, dawa huachwa. Mwezi Mei 2025 FDA ilitahadharisha kwamba baadhi ya watu waliotumia setirizini kila siku kwa miezi mingi walipata muwasho mkali wa ngozi siku chache baada ya kuacha. Ni nadra, lakini ikimtokea mtoto wako mrudishe kwa daktari, ambaye anaweza kumwanzishia tena kisha ampunguzie taratibu.