Mchujo wa gemu shuleni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ligi ya gemu za video ya shule ikikaribia mwisho na mchujo wa kumpata bingwa ukiwadia, maneno huwa mengi kuliko mechi. Kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, magharibi mwa Kenya, walimu walezi wengi wametoka kwenye soka na voliboli, nao huja na mazoea ya uwanjani. Baadhi yanafaa. Mengine huwaharibia wanafunzi siku nzima.

"Gemu ni dakika chache tu, kabla ya chakula cha mchana tutakuwa tumemaliza"

Tupige hesabu. Tuseme kuna shule 8, mashine 2 na gemu ya soka kama EA Sports FC, kila kipindi dakika 6. Dakika hizo 12 hufika 20 ukiongeza kuchagua timu, mapumziko, kupokezana padi, na yule kijana ambaye hawezi kuanza kabla hajapanga upya mabeki wake. Mtoano wa shule 8 una mechi 7, kwa kuwa kila mechi hutoa shule moja na lazima 7 zitoke. Ikiwa mshindi wa mechi ni atakayechukua gemu 2 kati ya 3, na zote 3 zikachezwa, robo fainali zitakula muda wa saa 2, nusu fainali saa 1, fainali saa 1. Jumla saa 4, na hapo stima haijapotea.

Anayetaka kila shule ikutane na kila nyingine ajiandae kwa gemu 28. Kwa mashine hizohizo ni saa 4 na dakika 40, hata kama kila jozi itacheza gemu moja tu.

"Mtoano ndio mchujo, hayo mengine ni kubembeleza wanyonge"

Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Shule imeondoka Busia alfajiri, imefika Kisumu, imepigwa gemu mbili, kisha watoto wanakaa kungoja basi la jioni. Katika mtoano wa shule 8, nusu yao hupatwa na hayo raundi ya kwanza tu.

Sasa gawanya shule hizo makundi mawili ya 4. Kila kundi lina gemu 6, yaani 12 kwa jumla, na mashine 2 zinazimaliza kwa saa 2. Wawili wa juu wanaingia nusu fainali, wa kwanza wa kundi A akikutana na wa pili wa kundi B, na kinyume chake. Nusu fainali na fainali zichezwe kwa gemu 2 kati ya 3. Jumla ni saa 4, sawasawa na ule mtoano, lakini hakuna shule iliyocheza na wapinzani chini ya watatu. Muda haukuongezeka hata dakika moja.

Kuna pia mfumo ambao timu haitoki mpaka ishindwe mara mbili. Mashindano makubwa ya gemu ya kompyuta ya Dota 2, The International, yameutumia kwa miaka mingi. Timu ikishindwa mara ya kwanza hushuka upande wa chini na kuendelea kupigania fainali kutoka huko. Kwa shule 8 mechi huwa 14 au 15. Ile ya 15 ndiyo waandaaji husahau: ikiwa timu iliyofika fainali bila kushindwa itafungwa hapo, hiyo ni mara yake ya kwanza, kwa hiyo lazima warudiane. Msipoliandika mapema, mtaamua huku kombe liko mezani na pande zote mbili zinapiga kelele.

"Haki ni kura"

Kura ya kupanga nani akutane na nani ni haki pale ambapo hakuna anayejua nguvu za timu. Ligi iliyochezwa muhula mzima ina jedwali, na jedwali ndilo lipange mchujo: wa 1 na wa 8, wa 4 na wa 5 upande mmoja, wa 2 na wa 7, wa 3 na wa 6 upande wa pili. Hivyo vinara wawili hawawezi kukutana kabla ya fainali. Huo si upendeleo, ni malipo ya kazi waliyofanya kwenye ligi. Mkipiga kura baada ya ligi, mnawaambia wanafunzi kwamba mechi zote za awali zilikuwa mazoezi.

Mashabiki wa soka ya shule wanalijua tatizo hili. Kakamega School na Musingu wote ni wa kaunti moja, kwa hiyo hukutana mapema kwenye ngazi ya kaunti, ingawa wengi wetu tungependa kuwaona kwenye fainali ya kitaifa. Soka ina kisingizio cha mipaka ya kaunti. Ligi yenye jedwali haina.

"Timu lazima ziwe 4, 8 au 16"

Hapana. Zikiwa 11, tano za juu kwenye jedwali zinapita raundi ya kwanza bila kucheza. Sita zilizobaki zinacheza mechi 3, washindi 3 wanaungana na wale watano, mnapata 8.

"Stima ikipotea, mechi irudiwe"

Irudiwe kuanzia wapi? Aliyekuwa anaongoza 3-0 dakika ya 80 kwenye saa ya gemu atakubali kuanza sufuri? Pendekezo langu: ikikatika kipindi cha kwanza, gemu ianze upya, ikikatika cha pili, wafungue gemu mpya, wacheze kipindi kimoja na mabao yajumlishwe na ya awali. Si kamilifu, lakini likiandikwa kabla ya gemu ya kwanza halimpendelei mtu. Na aliyechomoa waya kwa mguu wake si sawa na aliyekatiwa umeme mtaa mzima.

Andikeni pia kanuni ya kulingana kwa pointi. "Tazama nani alimfunga mwenzake" hufaa wakiwa wawili. Wakiwa watatu, A amemfunga B, B amemfunga C, C amemfunga A, mnarudi palepale. Tofauti ya mabao ifuate, kisha mabao ya kufunga.

"Tunakili tu kanuni za Marekani"

Huko, tangu 2018 shirikisho la vyama vya michezo ya sekondari, NFHS, liliposhirikiana na kampuni ya ligi za gemu ya PlayVS, wanafunzi hucheza mtandaoni wakiwa shuleni kwao, wiki baada ya wiki, kisha mchujo wa jimbo. Kanuni zao zinachukulia kwamba kila shule ina kompyuta na intaneti ya kutegemewa. Nyingi za shule zetu hukutana ukumbi mmoja, siku moja, kwa mashine za kuazima.

"Mechi ya nafasi ya tatu ni ya kupoteza wakati"

Kama kaunti inapeleka wawakilishi 3, hiyo ndiyo mechi yenye presha kuliko zote. Msiiweke kwenye mashine ya pili wakati fainali inaendelea. Wacheze kwanza, la sivyo ukumbi mzima utawapa mgongo.