Moshi Mweusi na Ekzosi Nyekundu: Petroli Inaungulia Wapi?

Gari linatoa moshi mweusi, linakula mafuta kupita kawaida, na usiku ukifungua boneti unaona ekzosi imekuwa nyekundu. Mafundi wengi huyachukua hayo yote kuwa ugonjwa mmoja: petroli imezidi, basi ndiyo inayochemsha ekzosi. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi ndani ya ekzosi, inabadilishwa, mwenye gari analipa, na baada ya muda mfupi wekundu umerudi palepale. Nimeyapokea magari ya namna hii mara nyingi, na karibu kila mara sensa iliyotolewa ilikuwa nzima.

Petroli ikizidi, yenyewe peke yake, haipandishi joto la ekzosi. Inalishusha. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote, na ni karibu na kipimo hicho ndipo moshi unatoka ukiwa na joto kali kuliko wakati wowote. Ukiongeza petroli kupita hapo, sehemu yake inakosa oksijeni, inageuka mvuke na kuondoka na joto. Watengenezaji wenyewe huitumia njia hii: ukipanda mlima umekanyaga mafuta mpaka mwisho, kontrol boksi (kompyuta ya injini) inaongeza petroli kwa makusudi ili valvu na masega, yaani kile kisafisha moshi cha kauri kilicho kwenye ekzosi, visiungue.

Kwa hiyo injini ikiwa na petroli nyingi na ekzosi ni nyekundu, kuna petroli inayoungua mahali pasipo pake, au inayoungua kwa kuchelewa. Hapo tunatafuta wakosaji wawili: anayezidisha petroli, na anayeutoa moto nje ya silinda. Wakati mwingine ni mtu mmoja. Usianze na dhana hiyo.

Nitachukua mfano wa Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, kwa sababu bado ziko nyingi barabarani kwetu na zinapimika bila mashine ya gharama. Injini hiyo haina kipimo cha hewa kwenye bomba la kuingizia. Inakadiria hewa kwa sensa ya vakyumu, inayosoma presha ya hewa kwenye njia ya kuingizia, na jambo hilo lina maana yake huko mbele.

Kwanza angalia wekundu uko wapi. Ukianzia kwenye manifoldi, karibu kabisa na silinda hedi, na miguu yote minne imefanana, shuku taimingi iliyochelewa. Plagi ikichelewa kupiga cheche, valvu ya ekzosi inafunguka moto ukiwa bado unaendelea, na moto huo unamalizikia kwenye chuma cha manifoldi. Chuma huanza kuonyesha wekundu gizani kikifika nyuzi 500 hivi za sentigredi, kwa hiyo ukiuona wazi, joto limeshapita hapo. Lakini kama manifoldi ni ya kawaida na masega ndiyo yanayong'aa, petroli mbichi inafika kule na kuungulia ndani yake. Hapo tafuta silinda inayomisi, yaani isiyowasha petroli yake.

Kisha toa plagi zote nne na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Hiki ni kipimo cha bure na kinasema mengi. Zote nne zikiwa na masizi makavu meusi, mara nyingi kosa ni la kitu kinachohudumia silinda zote: presha ya petroli, sensa ya joto la maji, sensa ya vakyumu. Tatu zikiwa nzuri na moja nyeusi au imelowa, achana na sensa. Silinda hiyo ina nozeli inayovuja, waya wa plagi unaopoteza moto, au kompresheni imeshuka.

Silinda inayomisi hutoa vitu viwili kwa wakati mmoja: petroli isiyoungua na hewa ambayo haikutumika. Vikikutana ndani ya masega yaliyokwisha pata moto, vinaungua hapo hapo. Joto likiendelea kupanda, masega ya kauri huanza kuyeyuka yakipita nyuzi 1,400, yanajifunga, na gari linakosa nguvu. Dereva anakanyaga zaidi, na joto linazidi.

Sehemu ninayotaka mafundi wenzangu waishike zaidi ni hii: sensa ya oksijeni haioni petroli. Inaona oksijeni tu. Silinda moja ikimisi, hewa yake ambayo haikutumika inapita mbele ya sensa, nayo inatoa voliti ndogo, kana kwamba petroli ni haba. Kontrol boksi inaamini na kuongeza petroli kwenye silinda zote, hata zile tatu ambazo hazikuwa na shida. Ufa kwenye manifoldi, au gasketi yake iliyoungua, hufanya vivyo hivyo: kati ya msukumo mmoja wa moshi na mwingine, hewa ya nje inavutwa ndani kupitia ufa ule na kuidanganya sensa. Kwa hiyo silinda moja inayomisi inaweza kuleta moshi mweusi na masega mekundu kwa pamoja.

Pima hivi. Injini ikiwa imepata moto, weka mita kwenye waya wa sensa. Sensa nzima inapanda na kushuka haraka kati ya voliti 0.1 na 0.9. Ikiganda karibu na 0.1 huku moshi mweusi unatoka, ama imekufa ama inadanganywa. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo sana kwenye njia ya kuingizia hewa, mbali na ekzosi. Voliti ikiruka kwenda 0.9, sensa iko hai. Tafuta ufa au silinda inayomisi. Ufa unasikika vizuri asubuhi injini ikiwa baridi: mlio wa tik-tik-tik unaopungua kadiri chuma kinavyotanuka, na masizi meusi pembeni ya gasketi. Lakini ikiganda kwenye 0.9, sensa inasema kweli, na kontrol boksi inajitahidi kupunguza petroli bila kufanikiwa.

Hapo ndipo naenda kwenye sensa ya joto la maji. Kwenye Toyota hizi, sensa ikiwa na nyuzi 20 inasoma omu 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 inashuka mpaka omu 200 hadi 400. Isiposhuka, kontrol boksi inadhani injini bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia. Ukitaka jibu la haraka, chomoa soketi ya waya wa sensa hiyo injini ikiwa ya moto. Kontrol boksi ikikosa kipimo inashika nyuzi 80 kama akiba. Moshi ukipungua, umeshampata mkosaji.

Na kabla ya kununua sensa mpya, uliza kama themostati ipo. Kwetu limekuwa jambo la kawaida: gari likichemsha, themostati inatolewa na kutupwa. Rejeta iliyoziba inabaki palepale, ila sasa maji yanazunguka muda wote, na kwenye mwendo wa barabara kuu injini haifiki joto lake. Sensa inapeleka taarifa sahihi ya injini baridi, petroli inazidi safari nzima, na oili inachakaa kabla ya wakati. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Irudishe, safisha rejeta, angalia feni. Sioni sababu ya kumwachia mteja gari bila themostati, hata akisema Dar kuna joto.

Baada ya hapo kuna mipira miwili midogo. Mmoja unakwenda kwenye sensa ya vakyumu. Ukipasuka au ukichomoka, sensa inasoma presha ya hewa ya nje, na kontrol boksi inadhani umekanyaga mpaka mwisho. Mwingine unakwenda kwenye kirekebishi cha presha ya petroli. Uchomoe na uunuse: ukiwa na petroli ndani, kiwambo cha kirekebishi kimetoboka na injini inanywa petroli kwa njia ya pembeni. Ukiwa na geji, presha na mpira huo umechomolewa iwe kati ya psi 38 na 44. Ea klina chafu, ambayo husingiziwa sana, kwenye injini ya sensa ya vakyumu inapunguza nguvu lakini haizidishi petroli kwa kiasi cha maana.

Taa ya cheki injini pia inasaidia. Kwenye boksi la DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, fungua swichi bila kuwasha injini, uhesabu mara ambazo taa inamweka. Kodi 21 ni sensa ya oksijeni, 22 joto la maji, 26 petroli imezidi, 31 sensa ya vakyumu. Ila sensa inayosoma uongo ndani ya mipaka yake haiwashi kodi yoyote, kwa hiyo taa isikuzuie kupima. TE1 na E1 zikiwa bado zimeunganishwa, washa injini na upime taimingi: iwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Ikiwa imechelewa, tazama kwanza alama za mkanda wa taimingi kabla ya kuzungusha distributa. Mkanda ulioruka jino moja unaweza kufichwa kwa distributa, na joto likabaki.

Magari ya kabureta yana mambo machache zaidi: choki iliyokwama, boya lililoingia petroli, sindano isiyofunga. Na urefu wa mahali. Gari lililosetiwa Dar likipandishwa Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, linakuta hewa nyepesi huku kabureta ikitoa petroli ileile. Hapo moshi mweusi hauna fumbo.

Masega nayashughulikia mwisho. Fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele yake na ujaribu gari kidogo. Nguvu zikirudi, yameziba. Kuyakata na kuweka bomba tupu kunaondoa wekundu, lakini petroli inayozidi inaendelea kuosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Kuweka mapya kabla ya kutibu misi ni kuyachoma tena. Na wakati wote wa uchunguzi, usiiache injini ya namna hii ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu petroli iliyokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi nyingi, ambayo haina harufu na inaua. Wala usimruhusu mteja kuegesha juu ya majani makavu.

Ukishamaliza, chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Kikinuka petroli, mwaga oili yote na ubadilishe filta siku hiyohiyo, hata kama oili ilikuwa mpya. Mvuke wa petroli iliyomo humo unarudi kwenye injini kupitia mpira wa kupumulia, na utakufanya uamini kwamba hukutibu kitu. Toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa muda kidogo ili kodi zifutike, weka plagi safi, liendeshe gari mpaka feni iwake, kisha uzitoe plagi tena na uzitazame.