Je, Wajua? Kwa Nini Chunjua Hugandishwa Ilhali Baridi Haiui Kirusi Chake

Kwa miaka mingi niliamini kwamba daktari anapogandisha chunjua, baridi ndiyo inayomuua yule kirusi aliyeiotesha, yaani HPV. Haiko hivyo. Maabara zinapotaka virusi vikae miaka bila kuharibika huviweka kwenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, au kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo hiyo ndiyo inayopakwa kwenye chunjua. Kinachogandisha chunjua yako ndicho kinachohifadhi virusi maabara!

Nilikosea pia kuhusu mzizi. Wengi tumeambiwa chunjua ina mzizi, ukiachwa inarudi, na ndiyo maana watu huichimba kwa wembe. Chunjua haina mzizi. Hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi tu, na vile vidoa vyeusi ndani yake ni mishipa midogo ya damu iliyoziba. Kuichimba humwaga damu na huweza kumsambaza kirusi pembeni.

Basi baridi inaua nini? Inaua nyumba, si mpangaji. Kirusi huishi ndani ya seli za ngozi, nazo zimejaa maji. Weka nyanya kwenye friza usiku kucha, kisha iache iyeyuke: inalegea na kuchuruzika, kwa sababu barafu imechana kuta za seli zake. Kuna na pigo la pili. Barafu huanza kuota nje ya seli, na maji yanayobaki huko huzidi chumvi, hivyo huyavuta maji ya ndani. Ndivyo vitunguu vya kachumbari vinavyonywea ukivitia chumvi. Kisha mishipa midogo huziba na eneo zima hukosa damu.

Kwa macho ni jambo la sekunde chache. Kijiti cha pamba kinatoa moshi mweupe, chunjua inageuka nyeupe na kuwa ngumu, halafu inawasha kama moto. Baadaye hutokea lengelenge, wakati mwingine lenye damu, na ganda hubanduka baada ya wiki moja au mbili. Inadhaniwa kwamba uharibifu huo pia huiamsha kinga ya mwili, ambayo hapo awali haikumwona kirusi, lakini ushahidi wa hilo bado ni mdogo.

Matokeo nayo hutegemea mahali chunjua ilipo. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2010, chunjua za kawaida, kama za mikononi, zilipona kwa asilimia 49 ya waliogandishwa, asilimia 15 ya waliopaka asidi ya salisiliki (dawa inayobandua chunjua kidogo kidogo) na asilimia 8 ya waliosubiri tu. Kwenye nyayo, tofauti ya maana haikuonekana.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna la kuuliza kabla ya kuketi kwenye kiti. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huanza kufa kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, mapema kuliko seli nyingine za ngozi. Kwa hiyo chunjua ikiondoka huweza kuacha baka jeupe la miezi mingi, na mara nyingine la kudumu. Kama iko usoni, mwombe daktari akueleze kwanza kuhusu njia nyingine. Mwenye kisukari au ganzi miguuni naye aseme mapema, maana kidonda cha baridi kwenye mguu usiohisi huchelewa kugunduliwa.