Si Mwili Uliozoea Dawa

Mtu akirudi duka la dawa la Chake Chake kwa mara ya tatu, mkojo ukiwa bado unamchoma licha ya kumeza vidonge vya rangi mbili, huambiwa kwamba mwili wake umeshazoea dawa na anahitaji iliyo kali zaidi. Maelezo hayo, ambayo nimeyasikia hata kwa watu waliosoma, yanautwika mwili jambo lisilo lake.

Kinachobadilika ni bakteria. Maambukizi mengi ya njia ya mkojo husababishwa na Escherichia coli, mkaazi wa kawaida wa utumbo, ambaye katika hali nzuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Miongoni mwa mamilioni wanaozaliwa, wachache huwa na silaha: wengine hutengeneza kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachoivunja antibayotiki ya ampisilini kabla haijafanya kazi, wengine huitoa nje antibayotiki nyingine, siprofloksasini, mithili ya mvuvi anayefua maji ngalawani. Dawa ikiwaua wenzao, hao hubaki na nafasi yote. Tena hurithishana usugu huo wa kuhimili dawa kwa vipande vya DNA viitwavyo plasmidi, hata baina ya bakteria wa aina tofauti.

Usugu ukiwa ni wa bakteria, si wa mwili, hata asiyewahi kumeza antibayotiki anaweza kupata maambukizi ya bakteria sugu kwa dawa. Kipimo cha kuotesha bakteria waliomo kwenye mkojo, ambacho majibu yake huchukua siku 2 au 3, huonyesha dawa ipi bado inamuua bakteria huyo. Na pengine ikawa ya zamani, kama nitrofurantoini, wala si ile inayosifiwa kuwa kali.