Sanamu ya kifua ya mtoto: ni nani huyo kwenye jiwe?

Sanamu ya kifua humwonyesha mtu kichwa, shingo na mabega, kisha inaishia hapo. Warumi wa kale waliipenda, ikafifia kwa karne nyingi, halafu ikafufuka mjini Florence, Italia, katika karne ya 15, zama tunazoziita za Mwamko. Mwaka 1453 Mino da Fiesole alimchonga Piero de' Medici, wa ukoo tajiri wa wenye benki. Tofauti na Warumi, mafundi wa Florence waliikata sanamu kwa mstari mnyoofu chini ya mabega, hata unadhani mtu anachungulia dirishani.

Kumchonga mzee si kazi kubwa sana, kwa kulinganisha. Makunyanzi, mishipa, pua iliyopinda: patasi ina pa kushika. Mtoto hana hayo. Shavu la mtoto wa miaka mitatu halina mstari hata mmoja, na fundi akichimba kidogo tu kupita kiasi, keshamzeesha. Kwa hiyo kazi yenyewe huwa ni ya kusugua zaidi kuliko kukata, mpaka mwanga uteleze juu ya marumaru bila kukwama popote. Hapo sijaona wa kumfikia Desiderio da Settignano, mzaliwa wa ukoo wa wachonga mawe, aliyefariki mwaka 1464 akiwa bado kijana. Mvulana wake anayecheka, aliyeko kwenye jumba la makumbusho la Vienna, amefinya macho na kuachia vijino. Utasema ametekenywa sasa hivi.

Lakini ni mtoto wa nani? Hapo ndipo dhana yenyewe ya sanamu ya kifua inapoteleza: huenda si mtoto wa mtu fulani, bali ni mtakatifu. Mapema katika karne hiyo, mtawa wa Kidominika Giovanni Dominici aliwashauri wazazi waweke nyumbani picha na sanamu za Yesu na Yohana Mbatizaji wakiwa watoto, ili wana wao wajione humo na kuwaiga. Yohana ndiye mtakatifu mlinzi wa Florence, kwa hiyo alichongwa sana. Ukiona ngozi ya mnyama kifuani, kama kwenye sanamu ya Antonio Rossellino, ni yeye.

Pasipo ngozi, kazi ipo. Mtoto mmoja wa Desiderio aliyeko Washington amepewa na jumba la makumbusho la huko jina la Mtoto Yesu, likifuatwa na alama ya kuuliza.